Ulimi wa Goyaałé: Suala la Lugha katika Bunilizi za Kihistoria kuhusu Ukinzani wa Waapache



Mnamo Mei 2011, makomando wa Marekani walipomuua Osama bin Laden nchini Pakistani, jina "Geronimo" lilitumika katika mawasiliano yao kama neno la siri. Viongozi wa Waapache wa Fort Sill, Oklahoma, walimwandikia Rais kulalamika. Kilichogombaniwa kilikuwa jina tu. Lakini jina ndilo mlango wa hadithi, na mhadhara huu unaingilia hapo.

1. Majina

Mtu huyo alipewa na wazazi wake jina la Goyaałé, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa "apigaye miayo". Geronimo ni jina alilobandikwa na Wameksiko, ambao askari wao walimuulia mama, mke na watoto watatu. Hata "Apache" si jina la wenyewe. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la majirani zao Wazuni lenye maana ya adui. Wenyewe hujiita Ndé, yaani watu, na msemaji wa lugha yoyote yenye mzizi -ntu hahitaji kuelezwa uzito wa jina kama hilo. Kwa hiyo mtunzi wa riwaya, kabla hajaandika sentensi ya pili, huwa ameshaamua kama anamtazama mhusika wake akiwa ndani ya nyumba ya mhusika huyo, au akiwa juu ya ukuta wa ngome ya adui zake.

2. Tukio na bunilizi

Mwaka 1861 Luteni George Bascom alimtuhumu Cochise kuwa amemteka mtoto, kosa ambalo hakulitenda. Tuhuma hiyo ilizaa vita vya zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1872 Cochise alifanya amani na Jenerali Oliver Howard, naye akafariki mwaka 1874. Miaka miwili baadaye serikali iliifuta hifadhi iliyoahidiwa watu wake na kuanza kuwahamishia San Carlos. Victorio aliuawa Meksiko mwaka 1880. Geronimo alisalimu amri Septemba 1886, akiwa na wafuasi wasiofika 40, baada ya kusakwa na askari wapatao 5,000. Wachirikahua walisafirishwa hadi Florida wakiwa wafungwa, pamoja na wale waliolitumikia jeshi hilohilo kama wapelelezi, na hawakuachiwa huru hadi mwaka 1913.

Riwaya ya Elliott Arnold, Blood Brother (1947), ilimrudishia Cochise hadhi ya kiongozi mwenye fikra na ahadi, na ndiyo iliyozaa filamu ya Broken Arrow (1950). Hata hivyo, mke wa Kiapache anayeozwa Tom Jeffords humo ni wa kubuni, na Cochise wa filamu aliigizwa na Jeff Chandler, ambaye hakuwa Mwapache. Mwanzoni mwa filamu, msimulizi anawatangazia watazamaji kwamba Waapache watasema kwa lugha ya watazamaji ili waeleweke. Tangazo hilo ni la kweli kuliko mengi yanayolifuata. Ubunifu wenyewe si dhambi. Hatari huja pale msomaji anaposahau kwamba kauli anazozisoma zimevishwa nguo za kuazima.

Mfano mzito zaidi ni Watch for Me on the Mountain (1978), riwaya iliyomwimba Geronimo kwa mapenzi makubwa. Mtunzi wake, Forrest Carter, kwa jina halisi Asa Earl Carter, alikuwa amewahi kumwandikia Gavana George Wallace hotuba za kutetea ubaguzi wa rangi. Ndiyo kusema, sifa tele kwa mkinzani aliyekwisha kufa haithibitishi kwamba mtunzi anawaheshimu walio hai.

3. Sauti zilizosalia

Goyaałé mwenyewe alisimulia maisha yake akiwa bado mfungwa. Alisema kwa Kiapache, Asa Daklugie akafasiri, S. M. Barrett akaandika kwa Kiingereza, na kitabu kikatoka mwaka 1906. Kila neno, basi, lilipita vinywa viwili na kalamu moja. Mwaka 1938 mwanaisimu Harry Hoijer alichapisha matini za Wachirikahua na Wameskalero kwa lugha yao, zikiambatana na tafsiri. Humo msomaji hukutana na wasimulizi wanaotania na kusimulia hekaya za mbwamwitu mjanja, binamu wa Sungura wetu kwa tabia. Ucheshi huo ni nadra katika riwaya, ambamo Mwapache hunena kama mtu anayehutubia kaburi.

4. Funzo kwa fasihi ya Kiswahili

Mwaka 1881, huko Cibecue, Arizona, askari walimuua Noch-ay-del-klinne, nabii aliyewachezesha watu wake ngoma za kuwarejesha wafu. Mwanafunzi wa Kiswahili atamkumbuka mara moja Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969), alitahadharisha kwamba mhusika wake asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Tahadhari hiyo ni adabu ambayo watunzi wengi wa mpaka wa Marekani hawakuwa nayo.

Lakini haki haigawiwi upande mmoja. Kinjeketile wa jukwaani anasema Kiswahili, ilhali watu wake walikuwa Wamatumbi wenye Kimatumbi chao. Kwao Kiswahili nacho ni lugha ya watazamaji. Anayeihukumu Broken Arrow kwa kuwanyamazisha Waapache hana budi kuuliza ni masimulizi mangapi ya Maji Maji yamehifadhiwa kwa Kimatumbi, Kingindo na Kingoni, na nani atayakusanya wakati wasemaji wake wazee wangalipo. Hoijer aliwahi kuwakuta wasemaji wa Kichirikahua. Leo waliobaki ni wachache mno. Bunilizi inaweza kungoja mtunzi wake hata karne nzima. Ulimi haungoji.