Mvua Si Sababu: Watuonyeshe Vipimo vya Maji ya Viwanda

Maneno tuliyowaambia vijana wa Lubumbashi mwanzo wa majira ya mvua



Mvua imeanza. Kwa mulimaji ni baraka. Kwa mama anayepanda lengalenga kandokando ya mto, ni baraka. Lakini kwa mwenye nyumba iko chini ya kiwanda, mvua imekuwa kitu cha kuogopa. Akisikia radi usiku, haulizi kama paa inavuja. Anauliza: leo watatufungulia nini?

Hatujasahau mwezi wa Novemba 2025. Hapa hapa Lubumbashi, mu komini Annexe, maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yalitoka mu bwawa lake, yakaingia mu kartiye za watu. Waziri wa Madini alisimamisha ile kazi kwa miezi mitatu. Ni vizuri. Lakini swali letu ni hili: mbele ya ile siku, nani alikuwa anapima? Na kama alipima, ile namba iko wapi?

Tuelewane kwanza. Maji ya mvua yakianguka ndani ya kiwanja cha kiwanda, hayabaki maji ya mvua. Yanapita juu ya mawe, vumbi, mafuta na takataka ya madini. Mawe yenye kiberiti yakikutana na hewa na maji, yanazaa asidi. Tena viwanda vingi vya shaba na kobalti vinatumia asidi kwa kutoa madini mu mawe. Ile asidi inabeba shaba, kobalti na metali ingine mpaka mu mto. Kwa hiyo mabwawa yanajengwa ya kuyazuia. Bwawa likiwa dogo, au ukuta ukiwa zaifu, mvua kubwa ndiyo inaonyesha uongo. Na mtu akitaka kufungua maji kwa siri, mvua ndiyo inamfichia.

Sheria tunazo. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinasema kila mtu ana haki ya kuishi mu mazingira safi. Kodi ya Madini, vile ilirekebishwa mwaka 2018, kifungu cha 285 bis, inasema mwenye haki ya madini atalipa hasara aliyoleta kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakukosea. Tuna sheria ya mazingira ya 2011. Tuna sheria ya maji ya 2015. Na mbele ya kuanza kazi, kampuni inatoa masomo ya kuonyesha kazi yake itagusa watu na mazingira namna gani. Basi, karatasi si kitu tunakosa. Tunakosa mtu wa kusimama kwenye mfereji saa ile mvua inanyesha, chupa iko mu mkono.

Inchi zingine zinafanya. Kule Marekani, tangu sheria za mwaka 1990, viwanda vya aina nyingi vinaombwa ruhusa hata kwa maji ya mvua yanayotoka mu kiwanja. Mu ruhusa ya serikali kuu, chupa inajazwa mu dakika 30 za kwanza maji yakianza kutoka, juu pale ndipo uchafu unasukumwa mwingi. Vipimo ni vya wazi, na raia anaweza kupeleka kiwanda mbele ya tribinali. Huko pia kuna wanaodanganya. Lakini raia ana namba ya kushika.

Sisi tuliandikia ofisi moja barua, tukaomba namba. Walitugongea muhuri kwenye kopi. Mpaka leo tuko na muhuri tu.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Kwanza: ruhusa ya kila kiwanda, na mipaka ya uchafu iliyoandikwa ndani, iwekwe kwenye ofisi ya komini, mu Kifaransa na mu Kiswahili. Pili: watu wa Leta wapime wakati wa mvua, bila kutangaza, si siku ya jua kisha chai na mkurugenzi. Tatu: matokeo yabandikwe mu kartiye, na tarehe, na jina la servisi iliyopima.

Watatuambia: munataka kufunga viwanda, ndugu zenu wakose kazi. Hapana. Mfanyakazi akitoka kazini, anarudi kunywa maji ya kisima kile kile. Kupima hakufungi kiwanda. Kinachofunga kiwanda ni bwawa kupasuka.

Na sisi hatutakaa mikono mitupu. Karatasi ya kupima pH ni bei ndogo. Maji ya kawaida yako karibu na 7. Kila namba ukishuka, asidi inazidi mara kumi. Maji ya 4 yana asidi mara 1.000 kuliko ya 7. Piga picha, andika tarehe, saa na mahali. Usiingie mu kiwanja cha kampuni, usiguse maji na mkono. Na ujue: ile karatasi haionyeshi metali. Maji yanaweza kuwa meupe na yakuue polepole. Kwa metali inahitaji laboratwari, ndiyo maana Leta haiwezi kutuachia hii kazi.

Mto Lubumbashi unaingia mu Kafubu, Kafubu inaingia mu Luapula, na ng'ambo ya Luapula ni Zambia. Maji hayaombi viza. Kile tunaacha kipite hapa, mtoto wa mwengine atakioga kule.

Mvua itanyesha tu. Hatuwezi kuizuia, wala hatutaki. Tunataka tuikaribishe tena kama vile bababu walikuwa wanaikaribisha.

Mvua ni ya Mungu. Uchafu una mwenyewe. Tumuulize.