Permi ya Lori: Sikia Kabla ya Kushika Usukani



Wengi wenu mnaotafuta kazi ya udereva hapa Kigali mnauliza: je, permi ya daraja B inatosha kuendesha lori? Kinachoamua ni uzito. B inaishia kilo 3,500, yaani gari pamoja na mzigo wote linaloruhusiwa kubeba. Likizidi hapo ni daraja C, hata kama leo ni tupu. Ukivuta trela ya zaidi ya kilo 750, unahitaji E.

Soma uzito kwenye karatasi za gari. Bosi akikuambia, "Peleka tu, ni karibu," na huna daraja hilo, kataa. Ajali ikitokea, polisi watakuomba permi wewe uliyekuwa ukiendesha.