Kurithi si Kuhukumiwa
(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali, Masanze, Kilosa)



Katika Masanze, kama kwingineko nchini, mtu akishikwa na ugonjwa wa sonona husemwa maneno mawili: ama ni mvivu, ama amerithi kwa wazazi wake na hana dawa. Neno la kwanza ni tusi. La pili lina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo ndilo la hatari zaidi.

Ni kweli kwamba sonona huweza kuandama ukoo. Lakini jeni ni mfano wa mbegu ya mahindi: ghalani hulala, shambani ikipata mvua huota. Mbegu ni ile ile. Kilichobadilika ni hali iliyoizunguka.

Ushahidi mmoja watoka katika tiba ya sumaku. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya waya ikiwekwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme unaobadilika kwa kasi, nguvu ya sumaku hupenya fuvu bila kisu na kuuamsha ubongo. Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha chombo cha namna hiyo kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwafaa. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba msisimko huo huweza kuamsha jeni, ikiwamo ile iitwayo BDNF, ambayo protini yake huzilisha chembe za ubongo na kuimarisha viungo baina yake. Dawa za kawaida za sonona nazo zimeonekana kuiamsha jeni hiyo hiyo katika panya. Kwa wanadamu utafiti ungali unaendelea.

Basi hapana haja ya kungojea mashine. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilikuwa ya mfano katika mpango wa taifa wa kuifikisha tiba ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya, karibu na wananchi. Njia hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Mwalimu aonapo mwanafunzi au mwenzake amepoteza usingizi, hamu ya kula na matumaini kwa majuma mawili, asimwite mvivu, wala asimtafute mchawi. Amfikishe kituo cha afya mapema. Na mgonjwa akitaja kufa, asiachwe peke yake hata saa moja.

Aliyerithi udhaifu hakurithi hukumu.