MAJI YA KAHAWA YASIINGIE MTONI
(Maneno ya Katibu kwa wanaushirika)

Ndugu wanakijiji,

Tusitafute mchawi. Yale maji meusi yanayonuka mtoni kila msimu yanatoka kwenye mashine yetu wenyewe ya kumenyea kahawa. Ule utelezi wa kahawa una sukari. Ukiingia mtoni unaoza, na vijidudu vinavyouozesha vinamaliza hewa ya majini. Samaki wanakufa. Na ndugu zetu wa bondeni wanachota hayo hayo.

Hata nchi kubwa zilikosea. Mto Thames, pale London, mwaka 1957 wataalamu walisema umekufa. Wakajenga upya mitambo ya kusafisha majitaka, samaki wakarudi.

Sisi tunahitaji majembe tu. Tuchimbe mabwawa mawili, zaidi ya mita 60 kutoka mtoni, maana sheria ya mazingira ya 2004 inalinda kingo hizo. Maganda tuyachuje kwanza, yawe mboji. Maji yatulie, yaozee humo, na chokaa ipunguze ukali wake. Yakishapoa yamwagilie migomba.

Basi Jumamosi saa 1 asubuhi kila mwanachama aje na jembe. Sisi viongozi tutatangulia kuingia shimoni.

Ushirika ni nguvu!

Katibu