Kindu si ya watoto wa fulani

Ndugu na dada zetu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na ninyi mliotoka Kama, kule Pangi, mkaja kutafuta masomo na kazi hapa mjini,

Kuna swali ambalo kila mmoja wetu amesikia: "Huyu ni mtoto wa wapi?" Mtu anaulizwa hilo kabla ya kuulizwa anajua kazi gani. Kisha hesabu inaanza: meya ni wa wale, burgumestre ni wa wale, sisi tumepata nini? Na sisi vijana, tuseme ukweli, tunashangilia wa kwetu akipata kiti, hata kama avenyu yetu inabaki na matope yale yale.

Kindu ni mji wa mto na reli. Reli ya kutoka Katanga inaishia hapa, na ilileta watu wa kila upande. Wengine wametoka Kasongo, Kabambare, Lubutu, Punia. Ukiuliza vizuri nyumbani, utakuta babu yako naye alifika hapa na sanduku kichwani. Sasa nani atamwita mwenzake mgeni?

Tangu Katiba ya 2006 tulingoja miaka 17 kuchagua washauri wa komini. Kura ilifika 20 Desemba 2023, na ni katika miji mikuu ya majimbo tu. Kule Kama wangali wanangoja. Kwa sheria, washauri wa komini ndio wanachagua washauri wa mji, na hao wanachagua meya. Meya akiweka maeshevini wake, sheria inamtaka aangalie uwezo wa mtu, kama anaaminika, na kama jamii zinawakilishwa, bila kusahau wanawake. Uwezo umetajwa wa kwanza, bana. Hatukusoma popote kwamba kiti ni mali ya mutualité ya kabila.

Lakini wengine wanasema ati umoja ni kunyamaza, ukidai nafasi unagawanya watu. Hapana. Alunguli iko peke yake upande wa kulia wa mto. Mama anayelaza mboga zake Alunguli na kuvuka alfajiri kwa mtumbwi kuja kuuza upande huu, analipa mtumbwi, analipa kodi ya soko, na mvua ikichafua mto anabaki na mzigo wake ukioza. Pale wanapopanga kodi hiyo, nani anamjua? Mwanamume wa kabila lake, mwenye nyumba na gari Kasuku, hamwakilishi kwa sababu tu wanasemeshana lugha moja.

Kwa hiyo tunaomba washauri wetu wa komini tatu: msiuze kura zenu za ndani, na msizipige kwa kuhesabu makabila. Katiba, kifungu cha 14, inawapa wanawake haki ya kuwakilishwa mpaka katika taasisi za mtaani. Tutawauliza majina, mmoja mmoja.

Nasi tuna kosa letu. Mikutano yetu yote tumefanya upande huu wa mto, na wenzetu wa Alunguli ndio wanavuka kila mara na kurudi usiku. Mkutano ujao ni Alunguli. Safari hii sisi wa Kasuku na Mikelenge tutalipa mtumbwi.