INJENIERI ASIYEJUA LUGA ANATIA SAHIHI GIZANI

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wazazi)



Mzee mmoja wa mtaa wetu aliniuliza hivi: «Mwanangu, mtoto wangu anajifunza kazi ya uinjenieri, kujenga njia na vilalo. Sasa anataka feza kwa masomo ya Kiingereza. Kilalo kinajua Kiingereza? Si hesabu tu?» Nilicheka, kiisha nikaona kwamba ulizo lake ni kubwa, na wazazi wengi wanalo moyoni. Leo ninalijibu mbele yenu wote.

Kweli, hesabu ni moja katika inchi zote. Lakini hesabu inatembea juu ya karatasi, na karatasi ina luga yake. Mimi ni karani, ninajua karatasi. Katika Kifaransa tukiandika 1,500 tunasoma moja na nusu. Mwingereza akiandika 1,500 anasoma elfu moja mia tano. Alama ni ile ile, mzigo si ule ule. Vilevile Mmarekani anapima nguvu ya betoni kwa kipimo chake cha pauni: 3000 yake ni karibu megapaskali 21 zetu. Asiyejua atafanya nini na karatasi kama hiyo?

Tazameni kilalo cha Matadi, juu ya mto Kongo. Kilijengwa na Wajapani, kikafunguliwa mwaka 1983. Urefu wake ni metre 722, na kati ya minara miwili metre 520 hazina nguzo chini. Wajapani walirudi kwao, kilalo kikabaki. Wakongo waliojifunza kando yao ndio walioendelea kukitunza. Kama hawangalisikilizana, tungalingoja mgeni kila mara chuma kinapopata kutu.

Sasa rudini kwetu Katanga. Tangu mapatano ya 2008, ya madini kwa njia, kompani za Wachina zimejenga mengi katika inchi yetu. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, karatasi ni za Kiingereza. Ukipita Dilolo kuingia Angola, kuna reli ya kilometre 1344 toka Luau mpaka bandari ya Lobito, na huko wanasema Kireno. Injenieri wetu akikaa katikati ya hawa wote na Kifaransa peke yake, atasikia tu yale ambayo wengine wanapenda kumwambia.

Nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Jina la kompani ninaliacha. Walikuwa wakitengeneza njia karibu na kambi, wakiweka chini mabomba ya kupitisha maji ya mvua. Karatasi ya kazi ilikuwa ya Kichina. Mwenye kutafsiri alikuwa kijana aliyejua Kichina cha sokoni: bei, upesi, kesho. Alisema: «Jazeni udongo, shindilieni.» Injenieri wetu akatia sahihi pasipo kusoma, kwa kuwa hakuweza. Mvua ya kwanza ilipofika njia ilizama, maji yakaingia katika nyumba za watu. Baadaye karatasi ilitafsiriwa vizuri, tukakuta imeandikwa: udongo utiwe kidogo kidogo, na kila tabaka lishindiliwe mbele ya kutia lingine. Na ni nani aliyefukuzwa kazi? Si mtafsiri, si mwenye sahihi. Ni kapita wa watu wa beleshi, baba wa watoto sita, aliyefanya kama alivyoambiwa.

Wengine watasema: «Mbona wageni wasijifunze luga yetu?» Ndiyo, nasi tuwadai. Kila karatasi ya kazi katika inchi yetu iandikwe pia kwa Kifaransa, na mgeni anayekaa hapa ajifunze Kiswahili. Lakini mwenye kujua luga mbili analinganisha karatasi mbili. Asiyejua anaamini tu. Wala simsifu mwenye kujivuna. Injenieri anayesema Kiingereza kama maji, kiisha anashindwa kumweleza mwashi kwa Kiswahili, huyu naye ni mtafsiri mbaya.

Basi, wazazi, feza ya masomo hayo haipotei. Ninyi vijana, msianze na maneno ya kujionyesha. Anzeni na maneno ya kazi: simenti, mchanga, chuma, maji, mzigo, kipimo, siku. Kila jioni someni ukurasa mmoja wa karatasi ya kazi ya kweli. Na siku mtakapokuwa wakubwa, msitie sahihi juu ya neno msilolisoma.

Yule mzee nilimjibu hivi: «Baba, kilalo hakijui luga yoyote. Lakini kikianguka, watakaolia chini yake watalia kwa Kiswahili.» Alinyamaza, kiisha akatoa feza.