Kompyuta Haifi Yote: Sehemu za Mashine na Maradhi Yake Pwani ya Kusini

Mada kwa wenye saiba (maduka ya intaneti), makarani wa shule na walimu wa vyuo vya ufundi, Kwale



Nimetakiwa nieleze sehemu za kompyuta na kazi zake. Vitabu vya shule huzigawa katika vifaa vya kuingizia, vya kuchakatia, vya kuhifadhia na vya kutolea. Mgawanyo huo ni sahihi, lakini haumfai kitu mwenye saiba wa Ukunda ambaye mashine yake imegoma asubuhi na wateja wa huduma za serikali za eCitizen wamejaa mlangoni. Mimi nitazifuata sehemu hizi kwa jinsi zinavyougua huku kwetu. Mashine inayoitwa mbovu mara nyingi ina sehemu moja tu iliyokufa, na asiyejua kazi ya sehemu hiyo hununua kompyuta nzima kwa kosa la kipande kidogo.

Tunaweza kubadilisha vipande kwa sababu ya uamuzi wa kibiashara wa zamani. Agosti 1981 IBM ilipotoa PC yake ya kwanza, iliiunda kwa vipande vilivyonunuliwa kwa wengine, na michoro ya ndani ikachapishwa. Wengine wakaiga, na vipimo vingi vikawa vya wote. Ndiyo maana diski iliyotolewa kwenye Dell hukaa kwenye HP bila ugomvi.

Umeme kwanza

Anzeni na pawasaplai, lile sanduku la chuma linalopokea waya wa ukutani. Kazi yake ni kugeuza umeme wa volti 240 unaopanda na kushuka kuwa umeme mtulivu wa volti 12, 5 na 3.3. Kila kilichomo ndani ya kasha kinakula kutoka hapo. Ikifa, mashine haitoi sauti wala taa, na mwenyewe hudhani kila kitu kimeungua. Mwiteni fundi mwenye mita aipime kabla ya kutoa hukumu. Lakini msiifungue wenyewe: kapasita zake hushika umeme hata baada ya plagi kutolewa.

Pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma, yenye alama 115 na 230. Mashine za msaada kutoka Marekani huja zikiwa kwenye 115, maana huko umeme wa nyumbani ni volti 120. Ukiichomeka hivyo Msambweni, utasikia mlio mmoja tu, na basi. Kabla ya kuwasha mashine yoyote ya msaada, tazama nyuma yake.

Jingine ni kwamba kompyuta ndogo za ofisini, hizi za mtumba kutoka Ulaya zilizojaa madukani, nyingi zina pawasaplai zenye umbo na plagi zake zenyewe. Nenda dukani na ile mbovu mkononi ulinganishe.

Stima zinapokatika, hatari kubwa ni pale zinaporudi, kwa sababu hurudi kwa kishindo. Stabilaiza husawazisha volti, lakini haikupi hata dakika ya kuhifadhi kazi. UPS hukupa dakika chache za kuzima kwa adabu, ila betri yake ya risasi huchoka upesi kwenye joto, na wengi wetu tumebakiwa na UPS ambayo ni kiti cha monita tu. Aliye na fedha ya kifaa kimoja anunue UPS, na kila mwaka aijaribu kwa kung'oa plagi yake ukutani. Asiye nazo ang'oe plagi ya kompyuta stima zikikatika, asubiri zitulie ndipo airudishe. Hilo halina gharama.

Madabodi, chumvi na saa

Madabodi ni ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, na njia zake za shaba ndizo zinazopitisha mawasiliano ya sehemu zote. Adui yake huku ni hewa. Kwenye mapokezi ya wazi ya hoteli za Diani, upepo wa bahari huleta unyevu wenye chumvi, na baada ya muda utaona kutu ya kijani kwenye miguu ya plagi. Geuza kasha mgongo usielekee bahari. Na laptopu iliyotoka chumba chenye eisi ikapelekwa barazani hufanya jasho kama chupa ya soda, kwa hivyo iache itulie kabla ya kuiwasha.

Juu ya madabodi kuna betri ya mviringo, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine imezimwa. Ikiisha, mashine huwaka vizuri, lakini tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kisha kurasa za eCitizen na za mamlaka ya kodi, KRA, hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hupimwa kwa tarehe, na mashine inaviona havijaanza kufanya kazi. Mhudumu humlaumu mwenye intaneti, huita fundi wa mtandao, na siku inaisha. Mtandao ukigoma kwenye mashine moja tu, tazama saa kwanza.

Joto la prosesa

Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote. Kipande chenyewe ni kidogo, lakini huchemka, ndiyo maana kimekaliwa na alumini na feni, na kati yake pakapakwa krimu ya kupitisha joto. Vumbi likijaa kwenye feni na krimu ikikauka, prosesa hujipunguzia mwendo isiungue. Ndipo watu husema kompyuta imezeeka. Januari hadi Machi, joto la kaskazi likiwa kileleni, malalamiko haya huongezeka sana. Dawa ni blowa, brashi laini na krimu mpya. Shikilia feni isizunguke unapopuliza.

Wauzaji husifu prosesa kuliko kitu kingine, nami sikubaliani nao. Prosesa nzuri iliyofungwa pamoja na diski ya kuzunguka ni gari la kasi lililofika Likoni: linangoja feri sawa na tuktuku.

Ramu na diski

Ramu hushika kazi zilizo wazi wakati huu, nayo husahau yote umeme ukikatika. Ikijaa, mashine huanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni ya polepole zaidi mara nyingi. Kwa saiba ya leo gigabaiti 4 ni taabu, 8 zinatosha. Kabla ya kununua soma maandishi ya ile iliyomo: DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, kwani pengo lake limekatwa mahali tofauti, na ya laptopu ni fupi. Mashine ikipiga mlio bila kuonyesha picha, chomoa ramu, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe. Mara nyingi inaamka.

Diski ya kuzunguka huhifadhi kazi kwenye sahani zinazozungushwa mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wa kusomea hulazimika kwenda kutafuta kila kitu. SSD, aina ya pili ya diski, haina kinachozunguka. Kwa mashine ya zamani hakuna shilingi inayofanya kazi kuliko ile iliyonunua SSD.

Fungua diski iliyokufa utakuta sumaku mbili zinazong'ang'ania bisibisi. Zimetengenezwa kwa neodimiamu, moja ya madini adimu. Madini ya jamii hiyo yako chini ya Mlima Mrima, upande wetu wa Lunga Lunga, wenye msitu wa kaya. 

Kuhusu kununua mtumba: Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza ikiwa namba inaanza na 1: i5-6500 ni kizazi cha sita. Bei ya mashine kama hiyo ikiwa nafuu mno, sababu ni hiyo. Bado inafaa kwa Linux, hasa shuleni.

Kibodi, kipanya na monita sina mengi nayo. Ni rahisi kubadilisha na huonyesha ugonjwa wao wazi.

Lililobaki linawahusu wenye saiba hasa. Diski zenu zina nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na namba za KRA za watu wa Kwale nzima. Kubonyeza kitufe cha kufuta hakutoshi; kwenye diski ya kuzunguka faili hubaki mpaka nafasi yake iandikwe upya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawabebesha ninyi mzigo wa kulinda taarifa hizo. Mashine ikiuzwa, diski ibaki kwako au ifutwe kwa programu maalumu. Diski isiyosoma tena itobolewe kwa drili kabla haijaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.